Mifuko, masanduku au boksi la nyuma? Jibu kwa mwenye DragStar wa Nyegezi

Swali: Shikamoo fundi. Naishi Nyegezi, Mwanza. Nimenunua Yamaha DragStar 400 iliyotumika Japan, ndiyo kruza yangu ya kwanza (pikipiki ndefu ya siti ya chini). Siku za kazi naenda nayo mjini nikiwa na laptop na koti la mvua. Karibu kila mwisho wa mwezi mimi na mke wangu tunakwenda kwa wakwe Musoma, na kurudi hatuachiwi mikono mitupu. Nina kilo 78, mke wangu 65. Tunapanga pia kufika Bukoba kupitia daraja jipya la Kigongo–Busisi. Nina fedha ya kununua kitu kimoja kizuri. Nichukue mifuko ya ngozi ya pembeni, masanduku magumu yenye kufuli, au boksi kubwa la nyuma kama la wanaosambaza chakula? Rafiki yangu ananishauri pia mfuko wa sumaku wa juu ya tangi.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa pikipiki. Nianze na jibu lenyewe, sababu zifuate. Fedha yako ya kwanza impe fundi wa kuchomelea akutengenezee vyuma vya pembeni. Itakayobaki nunua jozi ya mifuko ya kitambaa kigumu, ya ukubwa wa wastani, kama lita 20 kila upande. Boksi la nyuma achana nalo maadamu una abiria. Mfuko wa sumaku kwenye DragStar haufai kabisa. Ngozi ni nzuri, lakini ina masharti yake, na utaamua mwenyewe ukishayasoma.

Watu wengi huanza kwa kutazama picha za mifuko. Mimi nakuomba uanze na kilo. Kila pikipiki ina mzigo wa juu kabisa uliowekwa na kiwanda, na ndani ya namba hiyo vimo vyote: wewe, mkeo, helmeti, makoti, mifuko yenyewe na hata vyuma utakavyoongeza. Kruza nyingi ndogo na za kati huruhusiwa kati ya kilo 150 na 200 hivi. Pikipiki za Japan mara nyingi hufika bila kitabu, au na kitabu cha Kijapani, kwa hiyo tafuta kitabu cha XVS400, ambalo ndilo jina la kiwandani la DragStar yako, ukasome ukurasa wa vipimo. Jihadhari na karatasi za usajili za kule. Uzito wa jumla ulioandikwa humo hupatikana kwa kuongeza kilo 55 kwa kila mtu juu ya uzito wa pikipiki, basi. Haukuelezi chuma kinaweza kubeba nini.

Tuseme, kwa mfano tu, kitabu chako kinasema kilo 180. Wewe na mkeo ni 143. Helmeti mbili, makoti na viatu vizito, weka 8. Vyuma na mifuko mitupu, weka 10. Jumla 161. Umebakiwa na kilo 19. Hapo hujaweka makoti ya mvua ya watu wawili, spana, pampu, maji ya kunywa na nguo za siku mbili. Ukivipima hivyo utafika 15 au 16 bila kujitahidi. Kwa hiyo safari ya kwenda inatosha vizuri. Safari ya kurudi ndiyo yenye shida, na nafurahi umeitaja, kwa sababu wengi huchagua mifuko kwa mzigo wa kwenda halafu wakwe wanawafungia kiroba cha unga wa muhogo na dagaa juu yake.

Kiroba cha kilo 25 kipande basi. Mabasi ya Musoma na Mwanza yanatembea kila siku, mzigo unalipiwa, unaandikiwa stakabadhi, unaupokea ukifika. Wakwe hawatakasirika, wanachotaka ni unga ufike. Karanga za kilo mbili tatu unaweza kubeba. Dagaa wakavu ni wepesi lakini wana harufu na mafuta, wafunge ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na ndoo hiyo isiingie kwenye mfuko wa ngozi hata kwa dakika kumi. Ngozi ikishashika harufu ya dagaa, au maji ya sato wa barafu, haiiachii tena. Kuku hai usimfunge kwenye pikipiki inayokwenda kilomita 220, mwache aje kwa njia nyingine.

Kabla ya kufunga safari, pima mifuko ikiwa imejaa. Mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki, kama zile za Mwaloni Kirumba, inafaa sana kwa kazi hii. Ning'iniza mfuko wa kulia, soma, kisha wa kushoto. Tofauti ikizidi kilo mbili, hamisha spana au maji. Vitu vizito viwe chini kabisa ya mfuko na upande wa mbele, karibu na siti. Nguo ziwe juu.

Hilo la upande wa mbele lina maana kubwa kwenye kruza. Mzigo uliokaa mbele ya ekseli ya gurudumu la nyuma unagawana uzito na gurudumu la mbele. Mzigo uliokaa nyuma ya ekseli unafanya kinyume: unakandamiza nyuma na kulipunguzia uzito gurudumu la mbele. Kruza tayari imelaza uma wake wa mbele (ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) na imemkalisha dereva nyuma, kwa hiyo haina uzito wa ziada wa kupoteza kule mbele. Weka boksi kubwa nyuma ya mgongo wa mkeo, juu, nyuma ya ekseli, na kilo 12 ndani yake. Ukifika mwendo wa 80 usukani unaanza kucheza mikononi, na kwenye kona pikipiki inachelewa kuitika. Ndiyo maana keria nyingi za nyuma zinazouzwa kwa ajili ya kruza zimeandikwa ukomo mdogo, kilo 5 hadi 10 hivi. Wanaosambaza chakula wanafanikiwa na boksi kwa sababu wanakwenda taratibu mjini, peke yao, na ndani mna sahani za foili.

Kuna na upepo. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 19, 2025 lina urefu wa kilomita 3, na wewe uko juu ya maji bila mti wala jengo la kukukinga. Mchana upepo wa ziwa unakupiga ubavuni. Boksi refu la juu linaupokea wote. Masanduku mapana ya pembeni nayo yanaupokea, ila yako chini, kwa hiyo hayakusumbui sana. Ukipita asubuhi mapema huenda usihisi lolote, na kwa safari yako ya Bukoba ningekushauri hivyo hata kama huna mzigo.

Mfuko wa sumaku unashika vizuri kwenye tangi la chuma, rafiki yako hakukosea hapo. Tatizo ni kwamba DragStar ina saa ya spidi juu ya tangi, pamoja na taa za tahadhari. Ukiweka mfuko hapo umefunika saa, na kila unapotia mafuta lazima uuondoe. Hii ni pikipiki ya kubebea pembeni.

Sasa tuje kwenye vyuma, maana hapa ndipo ninapoona pikipiki nyingi zinaharibiwa. Mifuko mingi ya pembeni inakuja na mikanda miwili mipana ya kupitisha chini ya siti, na muuzaji atakuambia inatosha. Haitoshi. Mfuko uliolegea unaingia ndani pikipiki inapopita kwenye tuta, na ndani kuna tairi na spoku. Barabara ya Musoma ina matuta kila penye makazi: Igoma, Kisesa, Magu, Lamadi, Bunda. Kila tuta linaurusha mfuko, na kila unapotua unasogea sentimita moja. Siku ukanda wa mfuko ukiingia kwenye spoku, gurudumu la nyuma linajifunga na huna muda wa kufanya lolote.

Tazama madigadi ya nyuma. Kila upande kuna nguzo ya chuma iliyoshikwa kwa bolti. Bolti hizo unazibadilisha kwa ndefu zaidi, na kwenye urefu ulioongezeka ndipo unapofunga vyuma vyako. Fundi akunje paipu ya chuma ya milimita 16 hivi, yenye ukuta mnene, iwe kama kitanzi kinachosimama kati ya mfuko na tairi. Ncha ya chini aisogeze mbele ikashikwe karibu na mkono wa vikanyagio vya abiria, ili kitanzi kisichezecheze mbele na nyuma. Halafu, na hiki ndicho mafundi wengi wanakisahau, aunganishe kitanzi cha kulia na cha kushoto kwa paipu moja inayopita nyuma, chini ya kibao cha namba. Bila hiyo, vitanzi vinakunjwa kuelekea ndani taratibu, mwezi hadi mwezi, mpaka siku unasikia tairi linakwaruza.

Usikubali nondo. Ni nzito bure, na mikwaruzo yake inatafuna kitambaa. Usikubali pia kitu chochote kuchomelewa moja kwa moja kwenye fremu ya pikipiki. Moto unaidhoofisha fremu pale pembeni ya mchomeleo, na siku ukitaka kuiuza hakuna atakayeielewa. Kila kitu kishikwe kwa bolti. Fundi apime kwenye pikipiki, ashike vipande vyake kwa vidoti vidogo tu vya kuchomelea ikibidi, akiwa ameondoa waya wa negativu wa betri na wewe umesimama hapo kuhakikisha tangi limeondolewa au liko mbali na cheche. Kuchomelea kwenyewe afanyie mezani. Bolti ziwe ngumu, zenye alama 8.8 kichwani, ziingie kwenye meno kwa urefu uleule wa bolti za zamani. Bolti ndefu ikiachwa na meno machache ndani, inang'oa uzi wote siku ya kwanza ya barabara mbaya. Palipo na uwazi kati ya chuma na nguzo, fundi akate kipande cha bomba kikae kama bushi. Asirundike washa kumi. Nati zitumike zile zenye pete ya plastiki ndani, hazilegei kwa mtikisiko. Rangi ianze na ya kuzuia kutu, maana unyevu wa ziwani hauna huruma na chuma kibichi.

Upande wa kulia una kazi ya ziada. Mabomba yote mawili ya ekzosi ya DragStar yanatoka upande huo. Kabla ya kuamua urefu wa kitanzi, fanya hivi. Funga mfuko mtupu kwa muda, wewe na mkeo mkae, mtu wa tatu achuchumae nyuma aangalie pengo kati ya sakafu ya mfuko na bomba. Kisha mruke kidogo juu ya siti, kwa pamoja, kama mnapita tuta. Kruza nyingi zina mchezo wa nyuma, yaani kupanda na kushuka kwa gurudumu, wa sentimita 8 hadi 10 tu, na mkiwa wawili sehemu kubwa ya mchezo huo imeshaliwa. Pengo likishuka chini ya sentimita 5 au 6 mkiwa mmekaa, inua mfuko au nunua mfupi zaidi. Halafu endesha hadi Buhongwa na kurudi, gusa sakafu ya mfuko. Ikiwa mkono hauvumilii, kitambaa nacho hakitavumilia: cha nailoni kinayeyuka, ngozi inakauka na kujikunja kama ganda. Bati jembamba lililofungwa chini ya mfuko, likiacha upenyo wa hewa, linasaidia sana.

Angalia pia kwamba mfuko haufichi indiketa za nyuma, taa ya breki wala namba. Kama unaficha, hamisha indiketa. Hilo si la trafiki peke yake. Lori linalokufuata jioni pale Usagara linahitaji kujua unakata kulia.

Kuhusu ngozi. Ngozi nzuri, nene, iliyosimama yenyewe, inapendeza kwenye kruza kuliko kitu kingine chochote, na fundi viatu yeyote anaishona ikichanika. Lakini mingi inayouzwa kwa bei nafuu ni ngozi nyembamba iliyobandikwa juu ya karatasi ngumu au plastiki. Tazama ukingo uliokatwa: ukiona nyuzi za ngozi tupu, vizuri, ukiona matabaka, uache. Mvua za masika zikilowesha ile karatasi, mfuko unalegea na haurudi umbo lake. Ngozi ya kweli nayo inataka kulishwa mafuta ya ngozi au nta ya nyuki mara kwa mara, maana jua la hapa linaikausha na kuipausha, na ikihifadhiwa na unyevu inaota ukungu. Ikilowa, ikaushe kivulini penye upepo, usiiweke karibu na moto. Na haina ulinzi: buckle mbili na wembe mmoja, mtu ameshamaliza. Ukijua utaihudumia, chukua. Ukijijua kwamba ukifika nyumbani umechoka unaingia kulala, usichukue.

Masanduku magumu yana kufuli, hayaingizi maji kirahisi, na unaweza kuiacha pikipiki nje ya ofisi na koti lako ndani. Kwa siku zako za kazi yangekuwa bora kuliko yote. Lakini kwa safari yako yana mambo mawili yanayonirudisha nyuma. Moja ni uzito: jozi yenye vyuma vyake inaweza kula kilo 10 hadi 15 tupu, na hesabu yetu ilitenga 10 tu; kila kilo inayozidi hapo inatoka kwenye zile 19 zako. Pili ni upana. Kwenye kivuko, iwe cha Kamanga au mkienda Ukerewe, pikipiki zinapangwa zikigusana, na sanduku linalotokeza ndilo linalogongwa na kupasuka bawaba. Pima pia njia ya kuingilia nyumbani kwako. Nyegezi kuna nyumba ambazo geti lake pikipiki inapita kwa kuinamisha usukani. Ungekuwa unasafiri peke yako ningekuambia chukua masanduku, tena bila kusita.

Kitambaa kigumu kinabaki. Kiwe kinene, mshono mara mbili, zipu pana iliyofunikwa, na ubao mwembamba au plastiki ngumu ndani upande wa gurudumu. Usiamini neno "haiingizi maji" lililoandikwa kwenye lebo; maji yanapita kwenye mshono na zipu, na vumbi linatangulia maji. Ndani weka mifuko ya turubai ya kuviringisha mdomo, mmoja kila upande. Zamani watu walitumia mifuko ya plastiki ya dukani, ambayo imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na hata ilipokuwepo ilikuwa inatoboka safari ya kwanza. Fundi anayeshona maturubai ya malori anaweza kukushonea kwa vipimo vyako. Faida yake utaiona mkifika gesti usiku: unachomoa mfuko wa ndani, unaingia nao chumbani, na ule wa nje wenye matope unabaki kwenye pikipiki bila cha kuibwa.

Laptop usiiweke pembeni. Mtikisiko wa injini ya silinda mbili na matuta vinaichosha, na pikipiki ikianguka imesimama tu, laptop ndiyo iko chini. Mjini ibebe mgongoni kwenye begi lenye kifuani pa kufungia. Siku unaenda peke yako mbali, siti ya abiria ndiyo mahali bora pa mzigo kwenye pikipiki yako yote, kwa sababu iko mbele ya ekseli na iko chini. Weka hapo begi la kuviringisha, likiegemea egemeo la mgongo kama unalo, ulifunge kwa mikanda ya kukaza yenye buckle. Mipira ya tairi la ndani inafaa kushikilia koti tu. Kwa mzigo inavutika, na mwisho wake ukining'inia unatafuta gurudumu.

Mkiwa wawili na mzigo, kaza springi ya shokapu ya nyuma, na uongeze upepo wa tairi la nyuma kama kitabu kinavyosema. Yamaha kwa kawaida hutenga upepo wa mzigo wa hadi kilo 90 na upepo wa mzigo unaozidi hapo, na ninyi wawili mmeshavuka 90 kabla ya mfuko wa kwanza. Kwenye tairi la nyuma soma pia maandishi. La 170/80-15 lenye 77S, ile 77 maana yake tairi linabeba hadi kilo 412 likiwa na upepo kamili. Ukiuziwa tairi lenye namba ndogo kuliko iliyo kwenye kitabu, rudisha.

Baada ya kufunga kila kitu, nenda hadi Magu na kurudi ukiwa na mzigo lakini bila mkeo, kisha kaza upya bolti zote za vyuma. Za mara ya kwanza hulegea rangi inapojikandamiza. Ndipo mwende wawili. Kabla ya hapo nitumie picha ya upande wa ekzosi mkiwa mmekaa wote, niangalie pengo.